Ukivuka Tana, Umeacha Kenya

Fundi aliyenikagulia gari kule Grogan aliniuliza mara mbili.

"Garissa? Na hii gari yako?"

"Na hii gari yangu."

Akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akalizunguka Probox langu polepole, akalipiga tairi la nyuma teke. "Si upande tu basi, bosi? Kule si mahali pa kwenda na gari bado unalilipia mkopo." Kisha akabadilisha fanbelti, akaniambia nibebe tairi mbili za akiba na dumu la maji la lita 20. Tulipoagana hakusema safari njema. Alisema, "Rudi."

Ilikuwa Desemba. Wenzangu wa kazini walikuwa wakigombania vyumba Diani na Watamu. Mimi nilikuwa nampeleka rafiki yangu kwao, au pengine yeye ndiye aliyekuwa ananipeleka. Tulisoma chuo kimoja Nairobi, tukalala chumba kimoja miaka miwili, na kwa miaka saba amekuwa akiniuliza, "Walalo, kwetu utakuja lini?" Yeye ni Msomali wa Garissa. Mimi ni Mkamba wa Mwingi. Ukiitandaza ramani mezani, sisi ni majirani: kutoka Mwingi hadi daraja la Garissa ni kama kilomita 200, lami mwanzo mwisho. Lakini nilikuwa nimeshafika Kampala mara tatu na Arusha mara mbili, Garissa hata siku moja.

Tulipoipita Thika akaniambia jambo nililodhani ni utani. "Jioni hii, inshallah, tutakuwa tumetoka Kenya."

"Garissa ni Kenya, wewe nawe."

"Mimi najua. Waambie wao."

Akanieleza kwamba kwao, mtu akija Nairobi husemwa kaenda Kenya. Akirudi anaulizwa, "Kenya kukoje?" Wazee wanasema hivyo bila kucheka, na vijana wanasema hivyo huku wakicheka, lakini wote wanasema.

Hapo nikakumbuka kisiwa cha Kupro, kule Bahari ya Mediterania. Watalii wa Ulaya hupenda kukizunguka kwa gari, na kila aliyewahi kufanya hivyo hukuambia habari moja: kisiwa ni kimoja lakini pande ni mbili. Katikati kuna ukanda wa Umoja wa Mataifa wenye urefu wa kilomita 180 hivi. Ukifika kwenye kivuko na gari la upande wa kusini, unaonyesha pasipoti, halafu unanunua bima nyingine pale pale, kwa sababu bima ya kusini haitambuliki kaskazini. Injini ni ile ile na dereva ni yule yule, ila karatasi zimebadilika.

Nilikuwa nimelihesabu hilo kuwa jambo la ajabu la nchi za watu. Sikujua kwamba na sisi tuna kisiwa chetu, tena kikubwa kuliko hicho. Kupro yote ina kilomita za mraba 9,251. Kaunti ya Garissa peke yake ina zaidi ya 44,000. Tofauti ni kwamba chetu hakikuzungukwa na bahari. Kilizungukwa na sheria.

*

Hadithi ya mstari wetu inaanza mapema kuliko wengi tunavyofundishwa. Mwaka 1902 Waingereza walitunga sheria ya wilaya za pembezoni, iliyowaruhusu kuifunga sehemu yoyote ya koloni. Ikishafungwa, hakuna wa kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1926 sheria hiyo ikawekwa juu ya ile waliyoiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, yaani NFD: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Eneo lote lilikuwa karibu nusu ya Kenya ya leo.

Hebu fikiria. Karibu nusu ya nchi, na kuiingia unahitaji karatasi. Mfanyabiashara wa Nairobi, mwalimu, shehe, mpita njia: bila kibali huvuki. Na mfugaji wa Garissa akitaka kuja huku, vivyo hivyo. Ndani kwa ndani nako mistari ilichorwa, kabila hili lichunge huku, lile lichunge kule, Wasomali wasivuke kuelekea magharibi kwenye malisho ya Waborana. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya wilaya maalumu. Hii iliwapa maofisa uwezo wa kukamata watu na kutwaa mali ya kabila zima likishaitwa kabila adui. Ng'ombe wa mjomba wako angeweza kuchukuliwa kwa kosa la mtu usiyemjua, mradi ukoo wenu ni mmoja.

Kwa nini walifanya hivyo? Waingereza hawakuwa na haja na ardhi ile. Haikuwa na kahawa wala chai. Walitaka iwe kama ua: upande mmoja Uhabeshi, upande mwingine Waitaliano wa Somalia, na katikati jangwa lililonyamazishwa kwa gharama ndogo. Hawakujenga shule za maana, kwa sababu ua haujengewi shule. Walichopata kutoka kwake ni mahali pa kutupa watu. Harry Thuku alipokamatwa Nairobi mwaka 1922, alipelekwa Kismayu, ambayo wakati huo bado ilikuwa Kenya. Baadaye akahamishiwa Marsabit. Kismayu yenyewe, pamoja na Jubaland yote, Uingereza iliitoa kwa Italia mwaka 1925, kama shukrani ya kuingia Vita Vikuu vya Kwanza upande wao. Watu waliokuwa ukoo mmoja wakaamka wako nchi mbili, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Waliulizwa mara moja tu, mwaka 1962. Tume ya watu wawili, mmoja Mnigeria na mwingine Mkanada, ilizunguka NFD ikiwauliza wananchi wanataka nini uhuru ukija. Jibu la Wasomali, waliokuwa wengi, halikuwa na utata: tunataka kuungana na Somalia. Tume ikaliandika. Machi 1963 Uingereza ikatangaza kwamba kaskazini mashariki itakuwa jimbo la saba la Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Uchaguzi wa Mei ukafika, na Wasomali wengi wakaususia.

Mimi simlaumu Mkenya wa 1963 aliyekataa nchi imegwe. Kila taifa changa la Afrika liliogopa jambo hilo hilo. Lakini kumuuliza mtu swali, ukaandika jibu lake, kisha ukaendelea kana kwamba hakufungua mdomo, hilo nalo lina bei yake.

*

Ukishuka Kimathi Street hapa Nairobi utaikuta Wabera Street. Nimeipita mara elfu bila kujiuliza Wabera ni nani. Daudi Dabasso Wabera alikuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo. Juni 1963 aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido, wakati walipokuwa wakizunguka kuwaeleza watu habari za Kenya mpya. Vita vilikuwa vimeanza kabla bendera haijapanda.

Bendera ikapanda tarehe 12 Desemba. Siku 13 baadaye, Krismasi yetu ya kwanza ya uhuru, hali ya hatari ilikuwa imeingia kaskazini mashariki. Kwa hiyo wakati Nairobi wanacheza ngoma ya uhuru, Garissa wanarudishiwa ile ile sheria ya mkoloni: vibali, amri za kutotoka nje, askari mwenye uwezo wa kukamata bila hati.

Na hapa ndipo Kupro iliponirudia. Tarehe 30 Desemba 1963, siku tano baada ya hiyo Krismasi, jenerali wa Kiingereza aitwaye Peter Young alichukua penseli ya kijani akachora mstari kwenye ramani ya mji wa Nicosia, ili kuwatenga Wakupro wa Kigiriki na wa Kituruki waliokuwa wakiuana. Mwaka 1974 jeshi la Uturuki lilipotua, mstari ukakikata kisiwa kizima. Ni makoloni mawili ya bwana mmoja, wiki moja ya Desemba, na mistari miwili. Wao wao unajulikana duniani, una rangi na una jina. Wetu haukuwekewa hata kibao.

Vita vyetu viliitwa vita vya shifta. Shifta maana yake jambazi, na jina hilo lilifanya kazi kubwa. Ukishamwita mtu jambazi, huna haja ya kuuliza anapigania nini. Kufikia 1966 na 1967 serikali ilikuwa ikiwakusanya wafugaji kwenye vijiji vya kulindwa, mtindo ule ule ambao Waingereza waliutumia kwa Wakikuyu wakati wa Mau Mau. Mfugaji aliyefungiwa kijijini si mfugaji tena. Mifugo ilikufa, mingine ilitwaliwa. Oktoba 1967, kule Arusha, chini ya upatanishi wa Rais Kaunda, Kenya na Somalia zikakubaliana kumaliza uhasama.

Vita viliisha, sheria ikabaki. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kinga: mtumishi wa serikali aliyetenda lolote kaskazini kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967, kwa kazi ya kurudisha amani, asishtakiwe. Hali ya hatari yenyewe ilidumu hadi 1991. Soma tena mwaka huo. Mtoto aliyezaliwa Garissa siku ya uhuru alifikisha miaka 27 bila kuishi hata siku moja chini ya sheria za kawaida za Kenya.

*

Huko kwetu Mwingi, neno shifta lilikuwa la kulalisha watoto. "Nyamaza, shifta atasikia." Susu yangu alilitumia, na hakuwa akitunga. Kuna usiku wa miaka ya 1990 ambao majirani zetu wa upande wa Nguni na Ukasi walilala porini kwa kuogopa bunduki. Magari ya kwenda kaskazini yalisafiri kwa msafara wenye askari. Ukame ukija, ngamia huvuka kutafuta majani, na mashamba ya Wakamba huliwa, na watu hufa pande zote mbili. Hilo nalo ni kweli, na rafiki yangu analijua. Tulilizungumza tulipoipita Ukasi, kila mmoja akiwataja wafu wake kwa sauti ya chini. Baadaye tukanyamaza kwa muda mrefu.

Kizuizi kimoja njiani, karao alitupungia tusimame. Kijana mpole, ana tabasamu. Akaniomba leseni ya udereva, akaitazama, akanirudishia. Akachungulia bima kwenye kioo, sawa. Kisha akainama upande wa pili.

"Na wewe, kitambulisho."

Rafiki yangu alikuwa ameshakitoa. Sijui alikitoa saa ngapi. Kilikuwa mkononi kabla gari halijasimama, na nyuma yake kulikuwa na pasipoti, na nyuma ya pasipoti, ndani ya plastiki, cheti cha kuzaliwa.

"Ulizaliwa wapi?"

"Garissa. Hospitali ya mkoa."

"Baba yako?"

"Garissa pia."

Mimi kitambulisho changu kilikuwa kwenye begi, nyuma kabisa chini ya dumu la maji, na hakuna aliyekiuliza. Tulipoondoka nikasema maneno makali kuhusu yule askari. Rafiki yangu akacheka. "Huyo ni mzuri. Alisema asante."

Nikafikiri juu ya bima ya Kupro. Gari langu lilihitaji bima moja tu kufika Garissa. Waliohitaji karatasi tofauti walikuwa watu waliokaa ndani yake, kiti kwa kiti.

Karatasi hizo zina historia. Mwishoni mwa 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wa asili ya Kisomali wasailiwe upya, wathibitishe uraia wao, na waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Hakuna kabila jingine la Kenya lililopewa kadi ya kuthibitisha kadi. Februari 2025 rais alitangaza kufutwa kwa usaili wa ziada wa vitambulisho kwa vijana wa kaunti za mpakani. Ni hatua, na rafiki yangu aliifurahia. Cheti cha kuzaliwa lakini hajakitoa kwenye plastiki.

*

Daraja la Garissa si refu. Unaipita Madogo, ambayo bado ni Kaunti ya Tana River, unaona maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kabla hujabadilisha gia umeshavuka. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipoikata barabara hapo karibu, watu walivushwa kwa boti, na Garissa ikawa kisiwa kweli kweli. Aprili 2024 mafuriko yakarudi, boti moja ikapinduka, watu wakafa. Wakenya wengi walijua siku hiyo kwamba barabara ya kwenda Garissa ni moja tu.

Tulikaa siku nne. Nilikunywa maziwa ya ngamia Soko Mugdi mpaka tumbo likalalamika. Nilikula nyirinyiri kwa anjera asubuhi na wali kwa nyama mchana. Tuliwaona twiga wa Bour-Algi, kusini ya mji, wakipita kati ya miti bila haraka. Tuliipita mitambo ya jua, megawati 50 iliyozinduliwa Desemba 2019, na rafiki yangu akanionyesha kwa kidole: "Taa zenu za Kenya hizo."

Siku ya tatu aliniomba tusimame nje ya chuo kikuu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa pale, wengi wao wanafunzi, wengi waliotoka mbali, watoto wa watu waliovuka daraja wakiamini nchi ni moja. Wiki moja kabla, tarehe 26 Machi, rais alikuwa amesimama Bungeni akaomba msamaha kwa dhuluma za serikali zilizopita. Msamaha haukupata hata nafasi ya kusikika. Ilibidi wafu wapya wazikwe kwanza.

Jioni nikamuuliza mama yake kuhusu 1980. Nilisita sana kabla ya kuuliza. Novemba ya mwaka huo, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama vilichoma nyumba za Bulla Kartasi na kuwafungia watu kwa siku kadhaa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Miaka mitatu na miezi mitatu baadaye, Februari 1984, yalifuata ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Serikali ilisema wamekufa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhi ripoti yake mwaka 2013 ilisema huenda ni karibu elfu moja.

Mama alinimiminia chai kabla ya kujibu. "Nilikuwa msichana mdogo, hooyo," alisema. Wamama wa Kisomali humwita mtoto kwa jina lao wenyewe, hooyo, mama, na mimi alinihesabu humo tangu siku ya kwanza. "Nakumbuka kiu. Moto siukumbuki sana. Kiu naikumbuka." Halafu akauliza kama kwetu Mwingi tuna kisima au tunachota mtoni.

Kabla sijaenda kulala, rafiki yangu akanisimulia habari ya basi. Novemba 2014 watu waliokuwa na bunduki walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria, wakaua 28 wasiokuwa Waislamu. Desemba 2015 wengine walisimamisha basi jingine karibu na El Wak, wakataka abiria wajitenge vile vile. Abiria walikataa. Wanawake walikuwa wameshawavua wenzao alama za kuwatambulisha na kuwafunika kwa hijabu zao. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi akiwakatalia, na akafa hospitalini mwezi uliofuata. Nilikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo, kama vile mtu anavyosikia habari. Ila kuisikia ukiwa umelala kwenye mkeka wa wenyewe ni tofauti. Mstari wa 1902, wa 1934, wa 1963, wa 1989, yote ilichorwa na watu wenye kalamu. Hao wa kwenye basi hawakuwa na kalamu. Waliombwa wachore mstari kwa miili yao, wakakataa.

*

Tulirudi Jumapili. Kwenye kizuizi, wakati wa kurudi, nilitoa kitambulisho changu nikakiweka juu ya cha rafiki yangu, vyote viwili pamoja. Askari akavipokea, akanitazama, "Chako sijaomba." Nikamwambia najua. Akavisoma vyote viwili. Hakuna kilichobadilika duniani, tulichelewa tu dakika moja.

Mwingi tukakata kona kwenda kumsalimia susu. Nilikuwa sijampigia simu kumwambia naja na nani. Alikuwa amekaa chini ya mwembe akipeta mbaazi. Akamtazama mgeni, urefu wake, ndevu zake, macawiis aliyoivaa kwa ajili ya joto la safari. Alimtazama kwa muda, na mimi nikasikia moyo wangu ukipiga, kwa sababu nilijua neno lililokuwa likipita kichwani mwake. Ni yeye aliyenifundisha neno hilo.

Akasogeza ungo, akampa kiti. Kisha akauliza kwa Kikamba, nami nikatafsiri:

"Huko kwenu mvua ilifika?"

"Siku mbili tu, susu," akasema. "Haikutosha nyasi."

Susu akatikisa kichwa. "Hata huku," akasema, akaendelea kupeta.